Kwetu Hakuna Kiziwi

Jumanne, 4 Machi

Samahani, daftari langu. Mara ya mwisho nilipokuandikia mtoto alikuwa hana hata jino moja, leo anayo sita na ananing'ata nayo. Kisingizio cha maana sina. Nilikuwa na usingizi tu. Tangu nijifungue nina usingizi. Halafu miezi hii miwili kuna jambo nilikuwa silitaki hata kwenye karatasi, maana nikiliandika litakuwa la kweli.

Basi leo limekuwa la kweli bila kuniuliza. Kidoti hasikii.

Kipimo kinataka mtoto aliyelala. Nikamnyonyesha kwenye kiti cha plastiki mpaka akalegea. Wakambandika nyaya kichwani, wakamtia vidude masikioni, kompyuta ikaanza kuchora. Mistari ilikuwa imetulia kabisa, haipandi haishuki. Nikajisemea, afadhali, mambo shwari. Kumbe mistari ilitakiwa iruke!

Daktari wa masikio ni mama wa makamo, anaongea taratibu na anakutazama usoni. Akasema masikio yote mawili.  Kisha akauliza: kwenye ukoo wenu kuna kiziwi? Upande wa baba? Upande wa mama? Nikamwambia wazazi wangu walifariki nikiwa mdogo, nimelelewa na shangazi, sijui kitu. Akasema nikaulize, pande zote mbili, mpaka kwa mababu wa mababu. Ikiwa hakuna, itabidi wapige picha ya ndani ya kichwa, na mtoto mdogo hivi hapigwi picha bila kulazwa kwa dawa ya usingizi.

Sindano ya usingizi. Mtoto wa mwaka na miezi mitatu.

Nikamwuliza kuhusu zile sindano nilizochomwa nikiwa na mimba ya miezi saba, nilipolazwa na homa. Je, zinaweza kuwa ndizo? Akasema hawezi kusema ndiyo wala hapana mpaka ajue habari za ukoo. Turudi Jumanne ya tarehe 18.

Nimerudi nyumbani nimembeba mgongoni. Njia nzima nilikuwa namsemesha kama kawaida. Sijui namsemesha nani.

Jumatano, 5 Machi

Kazini. Mashati arobaini, na kola moja nimeiunguza. Bosi wetu pale kwa dobi hakunigombeza, akaninyang'anya pasi mkononi na kunipa taulo za kukunja. Taulo haziungui haraka.

Mama mkwe ndiye anayebaki na Kidoti nikiwa kazini. Tunaishi naye, chumba chake kipo mkabala na chetu hapa juu. Si mtu mbaya. Ila jana jioni, anakunja nepi, akasema bila kuinua macho: "Kwetu hakuna kiziwi." Akalaza nepi juu ya nyingine. "Hizo sindano zako zile, mimi nilisema."

Hakusema. Siku ile yeye ndiye aliyenisukuma kwenda hospitali.  Lakini nilichotaka kujibu kilikuwa kirefu na mtoto alikuwa anataka uji.

Baba Kidoti alisikia pia. Akachukua bisibisi zake akaenda kufungua friji ya jirani ambayo haijaharibika.

Jumamosi, 8 Machi

Nimempigia Shangazi. Nilianza kwa salamu ndefu. Akaniambia, mama, sema unachotaka kusema, simu inakula chaji.

Nikamwuliza. Akasema kwetu hakuna. Akanipitisha ukoo mzima kwa magonjwa yao: huyu presha, huyu kifua, yule mwingine alianguka tu shambani, yule alikufa kwa hasira. Masikio, hakuna. Hata wazee sana walikuwa wanasikia mpaka wakisengenywa chumba cha pili. Yeye mwenyewe, anasema, anasikia kunguru akiwaza.

Nikamwuliza waliotangulia zaidi. Mama yake babu yangu, kwa mfano. Akasema ah, huyo ni Bibi Maringo, hamkumbuki, alikufa yeye akiwa anatambaa. Mtaa mzima ulimwita hivyo kwa sababu ukimsalimia anapita kama hujamsalimia. Mwanamke mwenye mashine yake ya kusaga, unafikiri atakujibu?

Mtu pekee aliyebaki wa kuulizwa ni Babu, mdogo wake babu yangu, mtoto wa mwisho wa huyo Bibi Maringo. Yuko hapo hapo kwa Shangazi siku hizi. Nikaomba apewe simu. Shangazi akacheka, akasema Babu na simu hawaelewani, anaitazama badala ya kuisikiliza. Njoo, akasema. Njoo na mtoto, nimshike.

Jumapili, 9 Machi

Leo nimefurahi kwa muda wa kama kukaanga yai.

Baba Kidoti tangu asubuhi anampima mtoto. Mifuniko ya sufuria, filimbi, mlango. Anajificha nyuma yake, anagonga, anachungulia. Kidoti anacheza na kijiko chake, habari hana. Ilikuwa inaniuma kuangalia, na ilikuwa inamwuma yeye kuacha.

Mimi nikawa naingia kutoka kwenye ngazi na beseni la nguo. Nikapiga mguu mlangoni. Kidoti akageuka! Akanitazama, akacheka. Baba yake akaruka, umeona, umeona, amesikia! Akanifanya nitoke niingie tena. Nikapiga mguu. Akageuka tena. Mama mkwe akaja na mwiko mkononi kuangalia.

Halafu tukashuka naye chini uani, kwenye saruji. Nikapiga mguu mpaka kisigino kikauma. Hakugeuka.

Juu ni mbao. Chini ni saruji. Sakafu ndiyo iliyomwambia.

Baba Kidoti akakaa kwenye ngazi na mfuniko mapajani. Baadaye akaniuliza kwa utani, lakini sauti haikuwa ya utani, kwa nini watu wa kwetu tunaingia chumbani kama tunaua mende. Nikamwambia ni adabu. Shangazi alinifunza hivyo: usimtokee mtu nyuma, piga mguu, au mguse bega ndipo useme naye. Nilikuwa nikisahau nakula kofi. Akasema kwao adabu ni hodi.

Alhamisi, 13 Machi

Bosi amenipa ruhusa ya Jumamosi. Ameniambia nisimwambie yule mwenzangu wa kupiga pasi suti, maana naye atakuwa na shangazi.

Kidoti ana mafua. Sijalala. Mama mkwe alimchukua alfajiri bila kusema neno, akamfunga mgongoni akatembea naye barazani mpaka nikaamka mwenyewe. Sijui nimweke wapi mtu kama huyu. Anakuchoma kwa maneno, anakupepea kwa mikono.

Jumamosi, 15 Machi

Niandike yote, hata mkono ukichoka.

Tumefika kwa Shangazi saa nne. Nyumba ile ile, sakafu ya mbao ile ile inayolia kama inadai mafuta. Shangazi alipiga mguu mlangoni mwa chumba cha Babu ndipo akatuingiza. Babu amekaa kitandani, amenyolewa, shati limefungwa mpaka juu. Maisha yake yote alisaga nafaka za watu, na bado anapukuta mikono kwenye suruali kabla ya kukupa mkono.

Nikamsalimia. Nikamweka mtoto chini. Nikauliza kama nilivyoulizwa na daktari: Babu, kwetu kuna kiziwi?

Uso ukabadilika. Akasema hakuna. Nikauliza zamani? Hakuna. Mama yenu je? Akanikata jicho. Akamwambia Shangazi, huyu binti ametoka mbali kuja kumtukana mama yangu?

Shangazi akaingilia, hapana baba mdogo, mtoto wake anaumwa, daktari ndiye anayeuliza. Babu akageukia ukutani. Mimi nikaona basi. Nauli yangu, siku yangu, picha ya kichwa, sindano. Nilikuwa nimeanza kumfunga Kidoti mgongoni tutoke barazani, akajinyonga, akateleza chini, akatambaa kuelekea dirishani.

Babu alimwangalia. Akapiga kisigino sakafuni, mara mbili, polepole. Kidoti akageuka.

Basi yule mzee akainua mikono. Vidole vilivyopinda akavikutanisha mdomoni, akavifungua kuelekea kwa mtoto, akajigusa tumbo, akanyanyua nyusi. Kama anayeuliza. Halafu tena. Kidoti akakaa kitako. Alimtazama kama sijawahi kumwona akitazama mtu. Akapeleka mkono wake mdomoni, wote, na kijiko.

Nikauliza ni nini hiyo.

"Namwuliza kama amekula," Babu akasema. "Ndivyo tulivyokuwa tunaongea na Mama."

"Kwa nini kwa mikono, Babu?"

"Sasa ungeongea naye kwa nini?"

"Kwa hiyo alikuwa hasikii."

"Nani amesema hasikii?" Alikuwa amekasirika kweli. "Mama alikuwa anasikia. Alikuwa anasikia kwa miguu."

Shangazi akakaa. Hapo hapo, kwenye ndoo iliyofunikwa. 

Kisha Babu akatoa yote, na kila nikiuliza alikuwa anashangaa kama nauliza kwa nini watu wana magoti. Alizaliwa hivyo? Alizaliwa hivyo, na kaka yake mmoja pia. Watoto wake? Saba, wote waliongea kwa mdomo na kwa mikono, alidhani watoto wote duniani wanafanya hivyo mpaka alipoanza shule. Mashine ya kusaga? Mumewe aliumwa kichwa kwa kelele, yeye zilikuwa hazimhusu, akaichukua. Aliegemea ukuta, mkanda ukilegea anajua kabla haujakatika. Na watoto wakilia usiku? Alifunga kitambaa, ncha moja kwenye mkono wake, ncha nyingine kwenye mguu wa mtoto. Mtoto akirusha mguu, mama huyo ameamka.

Nikamwuliza kwa nini basi hakuniambia ndiyo. Akanijibu kiziwi ni mtu asiyesikia anachoambiwa. Mama aliambiwa kila kitu, na alijibu, na kama una deni la kusagiwa alikumbuka kuliko wewe. Waliomwita Maringo ni watu wa nje, walimsalimia mgongoni. Sheria ya kwao nyumbani ilikuwa huingii bila kupiga mguu, husemi na mtu mpaka umemgusa.

Shangazi akanitazama. Mimi nikamtazama. Makofi yote yale!

Alisema kwa sauti ndogo kwamba yeye alifunzwa na baba yake, naye akanifunza mimi, na hakuna aliyewahi kuuliza. Walidhani ni kwa sababu ya kelele za mashine.

Nikacheka. Halafu nikalia. Babu akauliza kwa mikono, hakuuliza kwa mdomo, na mimi sikuelewa, lakini Kidoti alikuja akanishika goti.

Jumapili, 16 Machi

Nimelala. Mpaka saa mbili asubuhi! Nimeamka na alama ya mto shavuni na nikadhani kuna mtu amekufa, nyumba imetulia hivyo. Kumbe Baba Kidoti ametoka na mtoto.

Jana nilimwambia nikiwa bado nimeshika mfuko wa safari. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kitu kimoja tu, kama sindano ndizo au sizo. Nikasema inaonekana sizo. Akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda, akaishusha. Kumbe naye alikuwa amebeba. Miezi miwili tunabeba kitu kimoja, kila mtu upande wake, hakuna anayemwambia mwenzake tukishushe.

Mama mkwe alisikia yote kutoka jikoni. Akasema ahaa, kumbe ni kwenu.

Nikamjibu. Nilimjibu kwa heshima, lakini nilimjibu. Nikasema ndiyo Mama, ni kwetu, na huyo wa kwetu alikuwa na watoto saba na mashine ya kusaga, na mjukuu wako amemfuata yeye. Akifanana naye nitashukuru. Na neno sindano sitaki kulisikia tena ndani ya nyumba hii.

 Leo nilipoamka, chai yangu ilikuwa imefunikwa mezani.

Jumanne, 18 Machi

Mama mkwe alisema atakuja hospitali kunibebea mfuko. Mfuko ni mwepesi. Nikamwacha aubebe.

Nilimsimulia daktari kila kitu, hata makofi. Alicheka mpaka akavua miwani. Akaandika: mama wa babu wa mama, na kaka yake, tangu kuzaliwa. Akasema kwa habari hizi picha ya kichwa tuiweke pembeni kwanza, hana haraka nayo. Damu inaweza kupimwa baadaye tukitaka kuhakikisha. Kuhusu zile sindano, hana sababu ya kuzilaumu, wala ya kunilaumu mimi. Alisema "wewe" na akanielekezea kalamu, ili nisijifanye sijasikia.

Nilitamani kuinama pale pale niweke paji la uso kwenye meza yake. Nilisema ahsante tu.

Vifaa vya kusikia tutajaribu mwezi wa tano, vinaweza kusaidia kidogo au visisaidie. Alama za mikono tuanze sasa hivi, tusingoje. Darasa la wazazi linaanza mwezi ujao. Nikauliza zile za Babu zinafaa? Akasema lugha ya darasani ni nyingine, kubwa zaidi, lakini mtoto anataka mikono leo, si mwezi ujao. Nimpe zote mbili, atazitenganisha mwenyewe.

Halafu akamgeukia Mama mkwe. Akaeleza kwamba aina hii ya uziwi inayoruka vizazi, mara nyingi mtoto huwa ameipata kwa baba na kwa mama, kila upande umeibeba bila kujua. Je, upande wa baba?

Mama mkwe alianza: "Kwetu hakuna—"

 Akafungua mfuko, akafunga mfuko.

 Njiani sikumsukuma. Nilikuwa na furaha yangu ya kutosha, sikuhitaji ya kumkomoa mtu.

Jumatano, 19 Machi

Nimerudi kazini nimepiga pasi mashati hamsini na mbili bila kuunguza hata kifungo. Bosi akauliza nimekunywa nini.

Mama mkwe alikuwa kwenye simu na dada yake mkubwa tangu nilipovua viatu. Alikuwa ameupa mlango mgongo. Alikuwa anasema e-he, e-he, na yule aliyekuwa akimpelekea chakula ni nani? E-he.

Alipokata, alikaa. Nilikuwa sakafuni namvisha mtoto. Akaniambia walikuwa na mjomba wao, fundi viatu. Walimwita Bwana Polepole. Ukimletea kiatu unamwonyesha penye tundu kwa kidole, anatikisa kichwa, basi. Wao watoto walikuwa wakimfuata nyuma wakimwita, wakimwiga, yeye anaendelea tu na safari yake. Wakasema hapendi watu. Dada yake anasema alikuwa hasikii tangu mchanga, bibi yao alikataza isisemwe, wasichana wasije wakakosa wachumba.

"Tulikuwa tunamcheka, mwanangu," akasema. "Alikuwa ananishonea viatu vya shule, na mimi namcheka."

Mwanangu. Ameniita hivyo kwa mara ya kwanza tangu apimwe mtoto.

Nilimgusa bega.  Akashuka pale sakafuni kwa shida, magoti yakalia, akaniambia nimwonyeshe ile ya kula. Nikamwonyesha. Vidole mdomoni, fungua, tumbo, nyusi. Yeye nyusi hazipandi zenyewe, zinapanda pamoja na masikio. Kidoti alicheka mpaka akapata kwikwi.

Jumamosi, 22 Machi

Video za Babu nilizomwomba Shangazi achukue kwa simu zimeanza kuingia. Mpaka sasa ni tatu. Ya kwanza ni dari ya Shangazi, na sauti yake ikiuliza kama inachukua. Ya pili ni Babu, kichwa kizima na shingo, mikono haipo. Ya tatu ni nzuri! "Njoo", "maji", na "moto, usiguse". Baba Kidoti amezitazama mpaka bando likaisha. Ameanza kumwambia mtoto "maji" kila akipita, mtoto amekunywa maji leo kama ngamia.

Mama mkwe amempachika mtoto jina la mkono: kidole juu ya mdomo, pale penye doa lililompa jina lake. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Bado kuna mambo yananitisha. Shule. Barabara, magari. Atakaposalimiwa mgongoni na watu wa nje. Sijamaliza kuogopa, ila sasa hofu ina mikono miwili ya kuishika, siyo kama ile ya kwanza isiyoshikika.

Nataka kumwandikia Shangazi vitu ambavyo bado hajatutumia. Babu ana kikohozi tangu Alhamisi na vidole vinamtetemeka, sitaki tucheleweshe. Naandika hapa kwanza nisisahau, Mama mkwe ananitajia vyake kutoka jikoni, Kidoti ananivuta kalamu:

Shangazi, shikamoo. Tunaomba Babu akae upande wa dirisha, wewe usimame hatua tatu nyuma, mikono ionekane yote na uso pia, maana nyusi nazo zinasema. Kimoja kimoja, mara mbili mbili. Bado hatuna hivi:

Nimeshiba.
Inauma wapi?
Subiri. (Hiki cha haraka.)
Nakwenda kazini, nitarudi.
Baba. Mama. Bibi. Mama mkwe anasema Bibi iwe juu ya orodha, basi iweke juu.
Hapana, ile ya kugombeza, na hapana ile ya kawaida, kama zilikuwa mbili.
Usiogope.
Mama yake Babu alivyowaita watoto wake wale saba, kila mmoja jina lake la mkono, Babu aanze na lake.
Picha ya huyo mama, kutoka kwa yeyote mwenye nayo, hata kama amesimama nyuma ya watu.
Urefu wa kile kitambaa cha kufunga mkononi, na kama kilikuwa kinakaza.

Na kimoja kingine, Shangazi, hiki mwulize akiwa ametulia, asichoke. Jana umeme ulikatika Kidoti akiwa katikati ya kuniambia kitu. Mikono yake ilikuwa bado inakwenda, naisikia inagonga nguo yangu, na mimi sioni. Gizani wao walikuwa wanaongeaje na mama yao?